Kabla ya plagini kulikuwa na moto wa makuti: historia ya uchafu mtamu kwenye biti za Bongo

Wadau, kuna prodyuza mmoja wa Kibaha, jina tunalihifadhi maana mwenyewe kaomba. Ana chumba kimoja tu pale Maili Moja. Godoro kalisimamisha ukutani kuzuia mwangwi, laputopu ina ufa kwenye kioo, spika mbili za kuungaunga. Lakini kazi anaijua. Biti ya singeli anakutengenezea dakika ishirini, tena huku anakula chipsi.

Siku moja alimpigia biti yake mpya mjomba wake, mzee wa Kisarawe aliyekuwa amekuja kutibiwa macho. Mzee kasikiliza mpaka mwisho, kimya. Kijana akashindwa kuvumilia.

"Vipi mjomba, unaionaje?"

"Nzuri, mjomba. Ila ngoma yako haijaota moto."

Tulicheka, nisidanganye. Mimi nilikuwepo na nilicheka kuliko wote. Kumbe mzee hakuwa anatania. Miaka ya 1990 alikuwa mpigaji wa ngoma kwenye kundi moja la mchiriku, na alichosema kwa maneno machache ndicho maprodyuza wa dunia nzima wanakihangaikia kwa miaka zaidi ya arobaini: jinsi ya kuifanya ngoma ya mashine isikike kama imepigwa na mtu.

Kwa ambao hamjawahi kukaa kwenye ngoma ya Kizaramo, ngoja niwaeleze. Ngozi ya ngoma na unyevu wa pwani haviivani. Ikikaa tu, inalegea, ukiipiga ni kama unapiga gunia la pumba. Kwa hiyo kabla ya shughuli wapigaji wanawasha moto wa makuti au majani makavu, wanazielekeza ngoma kwenye joto, wanagonga kwa vidole huku wameinamisha sikio. Ngozi inakauka, inakaza, sauti inapanda. Usiku ukienda na umande ukishuka, ngozi inaanza kulegea tena, sauti inateremka taratibu bila mtu kutangaza. Halafu kuna mapumziko, watu wanarudi motoni, na mkikaa tena ngoma ziko juu kama mpya.

Sasa fikiria mdundiko, ile ngoma ya kumtoa mwali inayotembea mitaani na watu nyuma. (Bibi zetu walitukanya sana tusiifuate, maana mtoto anafuata mdundiko Kisarawe anashtukia yuko mtaa asioujua na jua limezama.) Mikono ya wapigaji inachoka, inapata nguvu, inachoka tena. Ngozi inabadilika. Njia yenyewe inabadilika, mara mko chini ya miembe, mara mko katikati ya nyumba za bati. Hakuna mapigo mawili yanayofanana kwa asilimia mia.

Fungua programu ya muziki kwenye kompyuta. Bonyeza kiki (kiki ya biti, siyo zile kiki za mastaa wetu). Ibonyeze mara 400 na itakulilia mara 400 ile ile, haijachoka, haina jasho. Ndiyo maana mzee alisema haijaota moto.

Hapa kuna jambo moja linachanganya watu. Wazungu wakisema sauti ina joto, wanamaanisha ile iliyonenepa katikati na kupunguzwa makali ya juu. Joto la mzee linafanya kinyume, linaikaza ngozi na kuipandisha sauti. Ni vitu viwili tofauti, msije mkabishana navyo kijiweni. Vinachoshiriki ni kwamba sauti imepita kwenye kitu halisi, iwe moto, mkanda, waya au spika mbovu, na kile kitu kimeiachia alama.

Tatizo lenyewe lilianza mbali na sisi. Mwaka 1980 Mmarekani anaitwa Roger Linn alitoa mashine ya ngoma ya LM-1, ya kwanza kuuzwa ikiwa na sauti za ngoma halisi zilizorekodiwa ndani ya chipu. Bei karibu dola 5,000, kwa hiyo ilikuwa ya matajiri na mastaa kama Prince. Watu walishangaa kinoma. Halafu wakaanza kuona kuna kitu kimepungua. Linn mwenyewe alilijua hilo mapema, akaweka kitufe cha kuchelewesha kidogo baadhi ya mapigo ili mashine iyumbe kama binadamu. Mtu aliyetengeneza mashine ya kupiga bila kukosea ndiye huyo huyo aliyeifundisha kukosea kidogo.

Uchafu wenyewe ulikuja kwa ajali, na mara nyingi kwa sababu ya umaskini. Mwaka 1987 kampuni ya E-mu ilitoa SP-1200, mashine iliyokuwa na nafasi ya kurekodi kama sekunde kumi tu. Vijana wa hip hop wa New York wakabuni ujanja: sahani ya santuri ya kasi ya 33 wanaizungusha kwa kasi ya 45, wanarekodi ikiwa mbio, halafu ndani ya mashine wanaishusha irudi kasi yake. Nafasi wameokoa. Lakini mashine ilikuwa inapima sauti mara 26,000 kwa sekunde, wakati sidii inapima mara 44,100, na kwa ngazi 4,096 tu badala ya 65,536 za sidii. Ukiishusha sauti, ule upungufu unatokeza kama mchanga kwenye ugali. Na wakaupenda! Leo kuna watu wanalipa hela ndefu kununua programu inayoiga kasoro ya mashine iliyokosa nafasi.

Sasa turudi nyumbani, maana sisi tulikuwa na ya kwetu na hatukusoma kwa mtu.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 uswahilini Dar, vijana wengi wao wa Kizaramo walipata vile vinanda vidogo vya Casio. Vile ambavyo Ulaya mzazi anamnunulia mtoto wa miaka saba ili akae kimya. Vina vitufe vidogo, sauti nyembamba, na ndani kuna midundo iliyopangwa tayari. Wenzetu wa Jamaika walishakutana na ndugu yake: mwaka 1985 King Jammy alichukua mdundo uliokuwa ndani ya Casio MT-40, akaupunguza kasi, na Wayne Smith akauimbia, reggae yote ikageuka. Ule mdundo ulitengenezwa na dada wa Kijapani, Hiroko Okuda, mwajiriwa wa Casio. Wajamaika waliupunguza kasi. Sisi, kama kawaida yetu, tukaongeza gesi.

Kwenye mchiriku kinanda hakikuja kuwafukuza wapigaji. Kilikuja kukaa nao. Pale kulikuwa na ngoma kadhaa, kulikuwa na rika, kulikuwa na kigoda cha mbao kinachopigwa kwa vijiti mpaka kinatoa moshi, na juu yake Casio inalia kama nyigu. Shida ikawa moja: Casio ina spika ndogo kama kifuniko cha soda, itasikikaje mbele ya ngoma nne na mtaa mzima? Jibu likawa honi. Honi zile za kutangazia, za mfano wa pembe, zinaunganishwa na amplifaya ya kuchokonolewa na fundi, na kama umeme hakuna, betri ya gari.

Nimemuuliza fundi mmoja wa redio wa Mlandizi anayejua mambo haya, naye anaomba asitajwe, kwamba kwa nini sauti ile ilikuwa kali vile. Akachukua kijiti akachora mawimbi kwenye vumbi, vilima na mabonde. Akasema amplifaya ikipewa kazi kuliko uwezo wake haiwezi kupanda mpaka kileleni, kwa hiyo kila kilima kinakatwa kichwa, kinakuwa bapa. Na sikio halisikii kichwa kilichokatwa. Linasikia sauti mpya zilizozaliwa juu ya ile ya zamani: kama ulikuwa na mtetemo 100 kwa sekunde, sasa kuna na 300, na 500, na kuendelea. Ndiyo ule mkwaruzo. Halafu honi nayo inafanya yake, besi haiwezi, sauti za juu kabisa haziwezi, inabakiza katikati peke yake, na hapo katikati ndipo sikio la binadamu lilipo kali zaidi.

Kwa hiyo sauti ya kitoto ya Casio ikaingia upande mmoja wa waya ikatoka upande wa pili ina meno.

Nje walikuja kuisikia baadaye sana. Jagwa Music ya Mwananyamala walitoa albamu ya Bongo Hotheads mwaka 2012 chini ya Crammed Discs ya Ubelgiji, na wazungu wakaandika kuhusu ule mkwaruzo kana kwamba ulipangwa kwenye mkutano. Haukupangwa. Ulikuwa ni bei ya amplifaya.

Na kanda jamani. Kanda za mchiriku zilizofika Kisarawe na Kibaha nyingi zilikuwa nakala ya nakala ya nakala. Kila ukinakili, sauti za juu zinapungua, mvumo wa kanda unaongezeka, na mapigo makubwa yanabanwa kwa sababu mkanda nao una mwisho wake wa kubeba sauti, ukizidiwa hauvunjiki ghafla, unajikunja polepole. Huo mkunjo ndio maprodyuza wanauita joto na kuununua kwa jina la plagini. Sisi kwenye Toyota Hiace tuliupata bure, tukalalamika.

Studio zilipokuja, kiu ikawa usafi. Siwalaumu hata kidogo. Kizazi cha Bongo Flava kilitaka kusikika kama Marekani, na FruityLoops ilipotoka mwaka 1997, ikaja kuitwa FL Studio mwaka 2003, mtu mwenye kompyuta moja akawa na bendi nzima. Mchiriku wenyewe ulikuwa unaonekana ni wa wahuni, na kwa redio nyingi haukuwa mgeni wa kukaribishwa. Uchafu wa sauti na "uchafu" wa watu wake vikawekwa kwenye kapu moja. Kwa mtazamo wangu huo ndio ulikuwa ubaguzi hasa, kwa sababu watu hawakuwa wanakataa mkwaruzo, walikuwa wanawakataa waliokuwa wanakwaruza.

Ukarudi kwa mlango wa vigodoro. Singeli ilichukua vipande vya mchiriku na taarabu, ikavitia kwenye kompyuta na kuvikimbiza mapigo 200 kwa dakika na zaidi. Ukimbize sauti mara mbili inapanda oktavu nzima, besi ya ngoma inakuwa kama mtu anagonga meza, na kompyuta dhaifu inapolazimishwa kukata na kuunga inaacha mikwaruzo yake. Yaani ni ujanja ule ule wa New York, ila wao waliishusha sauti baadaye, sisi tukaiacha huko huko juu. Mwaka 2017 Nyege Nyege Tapes ya Kampala ikatoa mkusanyiko wa Sounds of Sisso kutoka studio ya Mburahati, na Ulaya wakachanganyikiwa.

Ila kuna hesabu moja kwenye singeli nadhani wengi hawajawahi kuipiga. Kwenye kasi ya 220, pigo moja ni milisekunde 273. Ukiligawa mara nne, unapata kama 68. Sasa besi safi ya mitetemo 50 kwa sekunde, wimbi lake moja tu linachukua milisekunde 20. Maana yake kiki yako kwenye kile kipande kidogo inapata mawimbi matatu na kidogo, imekwisha, pigo lingine limefika. Sikio halijapata muda wa kuijua. Ongeza kwamba wasikilizaji wengi wako kwenye simu, na spika ya simu hiyo 50 haitoi kabisa. Kiki safi, nzuri, ya gharama, inapotea yote. Ukiikwaruza, zinazaliwa zile sauti za juu yake, 100, 150, 200, na ubongo ukizisikia unaijaza besi wenyewe hata kama haipo. Kwa hiyo singeli bila uchafu kwenye bodaboda au kwenye simu ni kelele ya sufuria tu. Siyo suala la ladha peke yake.

Yule prodyuza wetu baada ya maneno ya mjomba alijaribu plagini kwanza, kama wote. Hazikumridhisha. Zinakwaruza kila pigo sawasawa, yaani uchafu wenyewe nao ni msafi. Akaanza mambo yake. Akachukua redio ya zamani ya mbao ya jirani, akaipigia ngoma zake tupu, akazirekodi kwa simu akiwa ameiweka mita moja mbele. Akairudisha ile rekodi kwenye biti chini kabisa, haisikiki mpaka uizime, ndipo unashtuka kitu kimetoka. Mwanzoni besi ilikufa. Kumbe sauti inatumia karibu milisekunde 3 kusafiri mita moja, mawimbi mawili yakawa yanapishana na kuuana. Akaivuta rekodi mbele kwa mkono mpaka vilima vikapangana, besi ikarudi.

Jambo la pili alilofanya sijaliona kwa mtu mwingine. Aliipanga ngoma ishuke sauti kidogo kidogo, kiasi ambacho huwezi kukitaja, kutoka mwanzo wa wimbo mpaka katikati. Pale katikati muziki unakatika, unabaki wimbo wa emsii peke yake. Ukirudi, ngoma ziko juu tena. Amezirudisha motoni.

Bado mzee hakuridhika. "Mnaniigizia," alisema. "Mimi mwenyewe nipo."

Na hapa ndipo hadithi inapouma. Mchiriku ulihitaji watu saba, wanane. Singeli ya kompyuta inahitaji dijei na emsii. Mzee na wenzake hawakufukuzwa na mtu, simu ziliacha tu kupigwa. Wengine wako bodaboda, wengine mkaa, wengine tumeshawazika. Wakati huo huo mikono yao inapiga kila wikendi, kwa sababu vipande vya kanda zile vimekatwa na kuzungushwa kwenye nyimbo ambazo wenyewe wanazisikia kwenye daladala. Kuna ngoma moja ilitamba sana, siitaji wala mwenye ngoma simtaji, mzee anaapa lile pigo la mwanzo ni lake. Siwezi kuthibitisha. Alinipigia kwenye ndoo ya plastiki, na mimi nikanyamaza.

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamtambua mtumbuizaji, siyo mtunzi tu. Lakini kanda haikuandikwa majina ya wapigaji, imeandikwa jina la kundi. Utaanzia wapi?

Tukaenda Kisarawe, Jumamosi jioni, watatu kwenye bajaji moja na maiki ya kuazima. Nyuma ya nyumba ya mzee kuna shamba la mikorosho, chini ya mkorosho ngoma tatu. Alikuwa ameshakusanya makuti. "Shikamoo mjomba." "Marahaba, kaeni mbali na moshi." Kijana akataka aanze kurekodi fasta, jua linazama, betri ya laputopu mbovu. Mzee akamwambia ngoma haziko tayari. Tukasubiri karibu saa nzima huku anagonga kwa kidole, anasikiliza, anageuza. Kijana hatimaye akaiwasha maiki ili asikae bure, akarekodi moto wenyewe, ile mipasuko midogo ya makuti. Sasa hivi mipasuko ile ndiyo haihati ya wimbo.

Mzee alipiga dakika kumi na mbili bila kusimama, macho kafumba. Mwishoni pumzi zinasikika, na kuna pigo moja kakosea kabisa, kacheka, kaendelea.

Kabla hatujaondoka waliongea hela. Mzee alitaka elfu thelathini na jina lake liandikwe. Kijana akaandika jina pale pale kwenye faili, mbele ya lake, akamwonyesha. Mzee bila miwani akauliza limeandikwaje, akasomewa, akasema sawa.

Wimbo umetoka. Dakika ya kwanza ukisikiliza vizuri kuna bodaboda inapita mbali nyuma ya ngoma, kijana alitaka kuitoa akashindwa bila kukata na mkono wa mjomba. Hela alizotoa ni elfu ishirini. Kumi bado anadaiwa.